Kanzu ya Ubatizo Nyuma ya Karavani

Nina diplome ya umeme ya sekondari, kwa hiyo nilimukataza bosi wangu kuita fundi. Nikafunga mwenyewe mashine ya kunyonya vumbi ndani ya ukuta wa karavani yake, ile nyumba ya magurudumu, nikasafisha chumba kizima, nikatoka. Nikakuta kanzu nyeupe ya ubatizo wa mutoto wangu, niliyoianika nyuma, iko nyekundu kwa vumbi!

“Weye muzee!” nikamurukia mulinzi wa bosi. “Umefagia wapi? Kesho mutoto atavaa nini mbele ya padri?”

“Mama Grâce, miye sijashika fagio. Simama hapo penye kanzu.”

Akaingia ndani ya karavani, akawasha mashine. Tundu la kutolea hewa ya mashine, nililotoboa mwenyewe kwenye ukuta wa nyuma, likanitemea vumbi usoni, bosi akitazama. Mufuko wa kushika vumbi niliutupa asubuhi, nikidhani ni karatasi ya kufungia mashine. Hasira ingali moto, na sina wa kumutukana.