Mfuaji wa Jezi Aliyeitia Gemu Tope

Saa mbili na robo asubuhi, nyuma ya jengo lenye duka la vioo, mwanamke wa miaka sitini na moja anapiga magoti kwenye udongo alioulowesha mwenyewe kwa ndoo mbili za maji. Mkononi ana jezi nyeupe, mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Anaitazama kama anayeagana na mgeni. Kisha anaibamiza chini, anaiburuta hatua tatu, anaigeuza na kuibamiza tena.

"Huyu ni beki wa kushoto," anasema bila kuinua kichwa. "Mpige picha upesi, mwanangu. Tope likikauka linabadilisha maneno."

Msichana mchoraji anapiga picha. Atapanda nayo ngazi mpaka karakana yao ya gemu za kompyuta iliyo juu ya duka, na kabla ya mchana beki wa kwenye skrini atakuwa amechafuka hivyohivyo.

Wapita njia wamezoea. Mwanzoni walimwonea huruma: mtu mzima, kafua maisha yake yote, uzeeni kageukia kuchafua.

Mtaani anaitwa Mama Povu. Kwa miaka ishirini na tatu alifua jezi za klabu ya mpira. Kila mechi jezi ishirini na nane, bukta ishirini na nane, na soksi ambazo anaapa hazikuwahi kurudi zikiwa na idadi inayogawanyika kwa mbili. Mabeseni sita, mikono miwili.

"Malipo yalitosha kodi ya chumba na mkaa," anasema. "Mengine yote nilimwachia Mungu na mume."

Mume huyo mtaani wanamwita Komeo, kwa kuwa alikuwa kipa wa klabu hiyohiyo kwa misimu kumi na tisa. Mama Povu aliifahamu jezi yake kabla ya kumfahamu mwenyewe.

"Ilikuwa inachafuka upande mmoja tu, wa kushoto," anakumbuka. "Nikasema moyoni, mwanamume huyu atanipunguzia sabuni."

"Nilikuwa naruka pande zote mbili," Komeo anadakia kutoka kwenye kiti chake mlangoni mwa chumba chao, goti lake bovu amelinyoosha mbele.

"Kweli, baba. Kushoto kwa mwili, kulia kwa mdomo."

Ugomvi huo una umri wa ndoa yao. Komeo hajawahi kukubali, wala mkewe hajawahi kuacha.

Miaka miwili iliyopita klabu ilinunua mashine ya kufulia. Mama Povu alipewa beseni moja la ukumbusho. "La plastiki," anasema, "tena lililokuwa langu." Akaanza kufua mapazia ya maofisini, na pazia ndilo lililompandisha ngazi za karakana ile.

Alikuwa anatundika la dirisha la mwisho alipoona kwenye skrini wanaume ishirini na wawili wakicheza mpira kwenye mvua kubwa. Aliangua kicheko nusura aanguke na kiti. Mkuu wa karakana, kijana ambaye kila mtu humwita Miwani, alimuuliza kulikoni.

"Wamenyeshewa dakika sabini, wameteleza, wameangushana," akamjibu, "mbona wako kama wanaokwenda kupiga picha ya kitambulisho? Nani kawafulia, na kawafulia saa ngapi?"

Miwani anakiri kwamba alikasirika. Gemu ile ilikuwa imewala miaka minne. Walipima mwendo wa mpira hewani, wakarekodi kelele za mashabiki, wakahesabu hata vivuli. Bado kila aliyeijaribu alisema ni nzuri, akaaga, asirudi.

"Tulikuwa tunajua kila kitu kuhusu mpira isipokuwa unavyochosha," anasema. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mama alikuwa amelifua lile shuka miaka ishirini na tatu."

Alimwomba akae. Mama Povu akakaa mpaka chai ya saa kumi. Aliwaambia kwamba winga akichoka hushusha soksi moja kwanza, na ni ya mguu anaopigia. Beki mkorofi huchanika kwapa kwa sababu anavutana. Straika ambaye jezi yake inarudi safi, msimu ujao hamumwoni. Na kipa, akawaambia, kila kipa duniani ana upande wake. Kipa wa kwenye skrini alikuwa anaruka kulia na kushoto sawasawa, kama pendulo ya saa.

"Sasa raha ya kumfunga iko wapi," aliwauliza, "kama hana siri ya kuitafuta?"

Wiki iliyofuata aliajiriwa. Siku tatu kwa wiki, kwa mara mbili ya alichokuwa akipata kwa wiki nzima ya mapazia. Wahenga walisema kazi mbi si mchezo mwema. Yeye anasema wahenga hawakuwahi kulipwa kwa mchezo.

Lakini mchezea tope humrukia.

Msambazaji wa gemu alikubali kuichukua kwa sharti moja: wachezaji kumi wageni waketi nayo asubuhi nzima, naye awatazame. Wakiinuka kabla ya saa sita, basi. Karakana ingefungwa, na Mama Povu angerudi kwenye mapazia pamoja na vijana wanne wa karakana, ambao hata kufua hawajui.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo walifanya jaribio lao wenyewe. Kwa furaha ya kupata tope, walilimwaga bila kipimo. Kufika kipindi cha pili, timu ya bluu na timu ya njano zilikuwa timu moja ya kahawia. Watu wakawapasia maadui. Mmoja alifunga bao zuri ajabu, akashangilia, akagundua ni golini kwake.

"Hapa nacheza na nani?" aliuliza, akaweka pedi ya kuchezea mezani na kuondoka.

Miwani aliagiza tope lote liondolewe. Mchoraji alilia. Mama Povu hakulia, ila anasema ngazi siku hiyo zilikuwa nyingi kuliko kawaida.

"Nilijiambia, bibi wewe, umewaharibia watoto wa watu miaka minne kwa siku moja. Na mimi mtu akinipa nguo chafu huwa namrudishia safi."

Asubuhi yake alikusanya jezi zote za majaribio, zile za bluu na njano ambazo vijana walikuwa wamezivaa na kuchezea kwenye tope, azifue, azikabidhi na kuaga. Kabla ya kuzifua, alizitundika uani kwenye kamba, tope likauke alipukute. Akapanda juu kuchukua sabuni. Alipochungulia chini kupitia dirisha la karakana, alisimama.

Kutoka pale juu aliona rangi. Bluu, njano, njano, bluu. Mabega yote yalikuwa yanasomeka. Tope lilianzia kiunoni na kwenye viwiko.

"Miwani!" aliita. "Njoo hapa, na macho yako yote manne!"

Mchezaji, alimweleza, hachafuki kutoka juu. Ardhi inamchafua nyonga, mvua inamsuuza mabega. Kwenye skrini mchoraji alikuwa amelipaka tope mwili mzima, kama siagi kwenye mkate. Na gemu yao huonekana kutoka juu, kama alivyoketi mtu jukwaani, kwa hiyo jicho hukutana na mabega kwanza.

"Miaka yote hiyo nilikuwa nafikicha kola kidogo, bukta mno," anasema. "Mikono ilikuwa inajua. Mimi sikuwa nimeiuliza."

Siku zilizobaki walizimaliza uani, magotini. Kila jezi ilichafuliwa kwa kazi ya mwenyewe: beki kwenye nyonga, kiungo kwenye magoti, kipa kwenye ubavu anaoupenda.

Siku ya siku wageni kumi walikuja. Mama Povu alikaa nyuma kabisa na kikapu chake cha vibanio, akivihesabu bila kuwa na nguo ya kuanika. Saa tano hakuna aliyeinuka. Saa tano na nusu mmoja alipiga kelele, "Huyu kipa anapenda kushoto! Mpige kulia!" na chumba kizima kikamsogelea. Saa sita msambazaji alisema muda umekwisha. Hawakumsikia. Alirudia. Mmoja akamwomba, kwa adabu zote, asogee asizibe skrini.

Msambazaji aliichukua gemu siku hiyohiyo.

"Kila nikipanda zile ngazi nasema asante," anasema Mama Povu. "Nawashukuru vijana kwa kumsikiliza mfuaji. Nashukuru hata ile mashine ya klabu. Ingeharibika mapema, ningekuwa bado nimeinamia mabeseni."

Jumamosi iliyopita alimleta mumewe karakana. Komeo alichagua kipa, akavimba kifua, akamruhusu mkewe apige penalti tano. Zote tano zilikwenda chini kulia. Zote tano ziliingia.

"Nani kakufundisha?" Komeo aliuliza.

"Jezi yako, mume wangu."

Sasa wanaandaa toleo la pili, na ana ombi moja ambalo Miwani amekwisha kulikubali. Kwenye uwanja wa klabu yao, mbele ya goli la kaskazini, palikuwa na kipande ambacho nyasi hazikuota kwa misimu kumi na tisa, kwa sababu kuna mtu alikuwa amesimama hapo. Klabu imeshapapanda upya.

"Nataka kwenye gemu paonekane," anasema. "Pawe peupe vilevile. Atakayecheza asijue ni pa nani, lakini ajue palikuwa na mtu."

Mchoraji anawaletea karatasi nyumbani na kuchora duara katikati ya goli. Komeo analitazama. Anakohoa. Anamtazama mkewe, kisha anatazama dirishani.

"Sogeza kushoto kidogo," anasema.