Mgomba wa Amana

Kosa letu lilikuwa dhihaka: tuliicheka hofu ya mtu aliyefukuzwa kwao na vita. Nimelikumbuka leo sokoni Kashaulili, harufu ya ndizi mbivu iliponisimamisha njiani.

Tulikuwa na jirani mzee kutoka Burundi, tuliyemwita Sogokuru, yaani babu. Alipanda maharage na mchicha tu. "Mgomba ni wa mtu anayekaa," alisema, na furushi lake halikuondoka mlangoni. Sisi watoto tulijificha kwenye mahindi tukapaza sauti: "Sogokuru, wanakuja!" Naye alibeba furushi akakimbilia porini, nasi tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Siku moja mama wa Kisukuma, jirani yetu, alitufuma. Hakutuchapa. Alichimba shimo mbele ya nyumba ya mzee, akapanda chipukizi la mgomba.

"Babu, huu ni wangu. Kwangu ng'ombe watautafuna. Nitunzie."

"Hadi lini?"

"Hadi uzae. Na nyie mabingwa wa kelele, mtamletea maji."

Tukawa tunaleta maji kila asubuhi. Ikatokea mwenzetu mmoja akasahau adabu, akapiga ukelele uleule. Mzee alishika furushi, akautazama mgomba, kisha akaliweka furushi chini na kulikalia.

"Waje," alisema. "Mimi nina mali ya watu hapa."

Akacheka. Tukacheka naye, safari hii bila dhambi.

Mkungu ulipokomaa, mwenye mgomba alichukua nusu tu, akamwachia mzee machipukizi mengine matatu ayatunze. Aliitwa Mama Minza.