Maneno Kumi kwa Siku

Likizo ile nilirudi nyumbani Msambweni na kazi moja niliyopewa na mwalimu: maneno kumi kwa siku. Nilikuwa kidato cha pili, huko Kwale juu. Uhuru ulikuwa bado mpya, hata bendera ya shule haijaanza kuchujuka. Tulikuwa tukisoma tamthilia ya zamani ya Kiingereza, ya kijana na msichana waliopendana ilhali jamaa zao hawapatani. Kiingereza chake kilikuwa kigumu, basi mwalimu alitaka kila neno tuliandike daftarini, mbele yake maana kwa Kiswahili, chini yake sentensi ya Kiingereza tuliyoitunga wenyewe. Ukiiba sentensi ya kitabuni aliikata kwa wino mwekundu.

Mimi nilikuwa na pupa. Nilitaka kuyamaliza maneno yote kabla ya wenzangu, tena kabla ya jambo lingine ambalo sikutaka kulifikiria. Shangazi yangu alikuwa ameleta posa kutoka kwa watu wa Diani, na baba alikuwa ameahidi kumjibu kabla shule hazijafunguliwa. Mimi hakuna aliyeniambia. Nilisikia nikiwa jikoni. Kazi ya baba ilikuwa kutengeneza vitanda vya kamba, na siku zile alikuwa na kimoja kipya uani. Kila nikipita nilitamani kuuliza ni cha nani, nikaogopa kuambiwa ni cha harusi yangu.

Asubuhi moja shangazi akalikuta daftari langu juu ya mkeka. Kiingereza alikuwa hakijui, lakini Kiswahili alikisoma vizuri. Akashuka na kidole, neno moja moja. Busu. Kiapo. Kwa siri. Sumu. Kaburi.

"Hayo ndiyo anayofunzwa," akamwambia mamangu, "kisha mwaniambia bado mdogo?"

Nikajaribu kueleza habari za tamthilia, nikachanganya, nikaanza na mwisho. Baba akalifunga daftari kwenye gazeti. Akasema atalipeleka kwa karani mmoja pale hospitali, amsomee zile sentensi. Nikamwambia ni kazi ya shule tu, baba. Akaniuliza, kama ni kazi ya shule, mbona nalishikilia?

Na kweli nilikuwa nimelishikilia kwa mikono miwili. Sentensi moja haikuwa kazi ya shule. Nilipofika kwenye neno la mwanamume ajaye kuposa, nilikuwa na hasira, nikaandika chini yake: amekuja mtu kuniposa nyumbani kwetu, na mimi hakuna aliyeniuliza. Nilijivunia hata namna nilivyoipanga. Sasa nikawa naomba Mungu huyo karani asiyaelewe maandishi yangu.

Mchana kutwa sikushika kazi ikashikika. Wali ukaungua, na mama hakunigombeza, jambo lililonitisha zaidi. Nikimsikia mtu akikohoa njiani, nahisi ni baba.

Alirudi baada ya alasiri. Daftari lilikuwa bado ndani ya gazeti. Akaketi kwenye kile kitanda kipya cha uani akaanza kukaza kamba, mimi nimesimama.

"Nimefika mpaka mlangoni pa karani," akasema. "Nikaona, mambo ya mwanangu niyasikie kwa mdomo wa mtu? Nisomee wewe."

Nikasoma. Neno, maana, kisha sentensi nikiitafsiri. Bibi yangu aliapa hatanunua tena samaki kwa yule mzee. Sumu ya panya haiwekwi karibu na unga. Baba akacheka kidogo puani. Kisha ukafika ukurasa ule. Ningeweza kufunua karatasi mbili kwa pamoja. Baba hakujua kusoma hata herufi moja ya Kizungu. Lakini alikuwa ameacha kamba, ananitazama mdomo. Nikaisoma kama nilivyoiandika.

 Baba akaniuliza tena mwisho wa wale vijana wa kitabuni.

"Walikufa, baba. Wote wawili."

"Na wazazi wao?"

"Walipatana. Baadaye."

"Baadaye," akasema, akaichukua tena kamba. "Haya. Mimi nakuuliza sasa."

Maneno yote niliyohifadhi yakanipotea, ya Kiingereza na ya Kiswahili. Nikasema nataka kurudi shule.

"Hilo ni la shule. Nimekuuliza la watu wa Diani."

"Sitaki, baba."

 Aliniambia nishike kamba upande wa pili nivute, nikavuta mpaka viganja vikaniwaka. Jioni ile shangazi alipokuja tena kufuata jibu, nikamwamkia shikamoo bila kuiachia kamba. Baba akamwambia, bila kuinua kichwa, kwamba mtoto ameulizwa, amekataa, na Jumatatu anarudi Kwale.

Shangazi akanitazama mimi, akatazama kile kitanda, akauliza hiki basi ni cha nani.

"Cha mtu wa Ukunda," akasema baba. "Mgongo wamuuma."

Nikaingia ndani na daftari. Nilikuwa sijaandika hata neno moja la siku ile.