Visanduku Alivyojaza Mkata Maneno

Jina la Mkata Maneno alipewa na shangazi yake, fundi cherehani. Shangazi alisema yeye anakata vitambaa na binti wa kaka yake anakata maneno, ila vitambaa angalau watu wanavivaa.

Na kweli ndiyo kazi aliyokuwa akisomea chuo kikuu, mwaka wa tatu sasa: kulifumua neno aone limeunganishwa kwa vipande gani. Kwa kazi yake ya mwisho alichagua lugha ya ukoo wa baba yake, ambayo huielewa vizuri kuliko anavyoisema. Kila alasiri alikaa kwenye kigoda kando ya cherehani, akauliza kitenzi kimoja kimoja, shangazi akajibu huku pini zimo mdomoni. Alichosikia alikiandika kwa penseli kwenye kisanduku cha jedwali lake, akakitia tiki. Sharti la mhadhiri lilikuwa moja tu: tiki ni ya ulichokisikia kwa masikio yako.

Kisha shule zikakaribia kufunguliwa, shangazi akazama kwenye sare za wanafunzi, hata maji ya kunywa anakumbushwa. Visanduku ishirini na saba vikabaki vitupu. Mkata Maneno akavitazama siku tatu. Vitenzi vingine vyote vilikuwa vimefuata njia moja, akajiuliza hivi navyo vingepita wapi kwingine. Akavijaza mwenyewe, akavitia tiki, akapeleka.

Jumatatu kazi ikarudi. Mhadhiri, mtu anayetoa sifa kwa kijiko cha chai, alikuwa amezungushia visanduku vitano wino mwekundu. Pembeni aliandika kwamba hajapata kuona maneno ya lugha hiyo yaliyoundwa hivyo, ni ugunduzi, na Ijumaa wangeyasoma pamoja mbele ya idara nzima. Vyote vitano vilikuwa vya kujaza mwenyewe.

Tangu hapo hakutulia. Akikaa anasimama, akisimama anatafuta pa kukaa. Alifua nguo zilizokuwa safi. Mama yake akamuuliza kama anaumwa, akasingizia joto.

Jumatano akaenda kwa shangazi na kumsomea maneno yote ishirini na saba. Shangazi akaacha kukanyaga cherehani ili asikie vizuri. Mengi aliyakubali. Yalipofika yale matano, akachomoa pini mdomoni.

"Hayo nakuelewa, mwanangu, lakini sisi hatusemi hivyo."

"Hakuna hata mmoja anayesema, shangazi?"

"Labda wewe." Akacheka, kisha akauona uso wa binti. "Kwani kuna nini? Andika shangazi kasema. Nani atakuja hapa kuniuliza?"

Hapo mambo yakawa mabaya zaidi. Alikuwa ameogopa kwamba shangazi atayakataa. Hakuwaza kwamba atayakataa, kisha ampe ruhusa. Sasa asingeumbuliwa na mtu, labda ajiumbue mwenyewe.

Alhamisi asubuhi alifika ofisi ya mhadhiri mlango ukiwa bado umefungwa. Mara mbili aliteremka hadi nusu ya ngazi, akapanda tena. Mhadhiri alipotokea na funguo mkononi, binti alimwambia palepale koridoni, maana alijijua: akipewa kiti, atabadili nia.

"Mwalimu, vile vitano sikuvisikia. Nilivijaza mwenyewe."

"Vitano tu?"

"Ishirini na saba."

Mhadhiri akafungua mlango, akamwambia binti atoe jedwali mkobani, akampa kifutio. Akasimama akimwangalia anavyofuta tiki moja baada ya nyingine, makombo ya kifutio yakimwangukia sketini. Kisha akasema ya Ijumaa yameisha. Kama kazi itapokelewa upya ama atarudia mwaka, hilo ni la idara, atajulishwa. Lini, hakusema.

Mkata Maneno akashuka ngazi mbilimbili. Nje ya lango akampigia shangazi, akamuuliza leo atapata nafasi saa ngapi. Shangazi akajibu nafasi hana, sare bado zimejaa hadi mlangoni, lakini aje tu, atauliza maswali yake huku yeye shangazi anashona vifungo.