Majaruba Manne ya Meitamei

Baba yangu, Meitamei, hakujua kukaa. Atapiga mafunda mawili ya chai, atainuka kumtazama ng'ombe, atarudi, atainuka tena kuangalia mawingu juu ya Meru. Marehemu mama alikuwa akisema mwanamume huyu alizaliwa mamake akiwa safarini. Mimi sikucheka sana, maana ndiye niliyebaki naye na purukushani zake.

Miaka ishirini aligawa maji kwenye shamba la kahawa la umma. Mwaka 1993 shamba likapata mwenyewe mpya na watu wakapunguzwa. Bwana mmoja mwenye karatasi akamwambia akae nyumbani kwanza, wangemwita. Baba akakaa, kama kuzunguka ua mara arobaini kwa siku ni kukaa.

Mwaka uliofuata hoteli moja ikamchukua. Siku hizo za soko huria hoteli zilikuwa zinaota mjini kama uyoga, na hii haikuwa na pa kupeleka maji ya vyoo, mabafu na jikoni. Mtaalamu akawachimbia bwawa huku kwetu Lemara, na chini yake majaruba manne ya matete kwenye mteremko. Maji yanatulia bwawani, yanafunguliwa kuingia jaruba moja, udongo na mizizi vinayachuja, kisha yanatokea mtaroni hayana harufu. Baba alikuwa mfunguaji na mfungaji. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini matete yote yalikuwa yetu ya kulishia, na ng'ombe wetu wa kisasa alikuwa akitoa lita kumi na mbili. Tuliishi kwa maziwa hayo.

Sharti lilikuwa moja tu: jaruba likinyweshwa siku moja, lisiguswe siku tatu, mpaka udongo ukauke na kuvuta hewa.

Hapo ndipo Baba aliposhindwa. Kwetu upande wa magharibi ya mlima, maji ya mfereji ni ya zamu, na anayeiacha zamu yake ipite huku maharage yana kiu, hata mkewe atamcheka. Sasa aone bwawa limejaa na jaruba limepasuka nyufa, atulie? Mtaalamu alipoondoka, akaanza kufungua mawili kwa siku, kisha matatu. Matete yakapanda, ng'ombe akang'aa. Nilipomkumbusha sharti, akasema mtaalamu yule hajawahi kulala njaa.

Kufika Agosti udongo ulikuwa umeshiba. Maji meusi yakasimama juu, yakachacha, na uvundo ukafuata mtaro hadi nyumba za chini. Jirani yetu wa huko, Salha, mama Najim, alipanda mwenyewe kuja kumwona Baba. Aliongea kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma. Alisema hataki mtu akose kazi, ila wanawe wanakula wameziba pua. Baba alipata aibu mpaka jasho likamtoka. Na dawa yake ya aibu ni moja, kazi: akachimba, akafyeka, akafungua yote manne kwa pamoja ati yajisafishe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa guu lilikuwa letu sote.

Bwana Dismasi, msimamizi wa hoteli, akatupa siku kumi. Kwa muda huo wangekodi gari la kunyonya maji ya bwawa. Siku ya kumi Bwana Afya angekuja kukagua, na maji ya mtaroni yakinuka, majaruba yangefukiwa. Hakuna kazi, hakuna matete, ng'ombe auzwe.

Tulikwangua utando mweusi ulioziba udongo wa majaruba, kisha nikafunga lango la bwawa kwa kufuli na ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga. Baba hakulala. Alfajiri yuko kule, adhuhuri yuko kule. Siku ya nne nilimkuta amechuchumaa kwenye jaruba la kwanza, anafukua udongo kwa vidole, ananusa. Nilikasirika, nikamwuliza ni lini ataacha kitu kitulie walau mara moja maishani mwake.

Akalifikicha bonge la udongo kiganjani.

"Tabea," akasema, "mimi pia waliniambia nikae, wataniita. Ni nani aliyeniita?"

Hasira zote ziliniisha. Nilikaa naye kwenye tuta. Nilimwambia kwamba jaruba hili lina mtu wa kuliita, naye ni yeye, siku ya kumi asubuhi. Akaitikia kwa kichwa, lakini vidole havikutulia.

Siku ya kumi Bwana Afya alifika mapema. Nilifungua pindo nikampa Baba ufunguo, akalifungulia jaruba la kwanza. Maji yakaingia kwenye matete, yakazama. Tulingoja mpaka saa saba ndipo yakaanza kutoka mtaroni. Bwana Afya akakinga chupani, akanusa, akampa mama Najim, aliyekuwa amepanda kushuhudia, naye anuse. Mama Najim akanusa mara mbili, kisha akamrudishia, uso umekunjuka. Bwana Afya akaandika kuwa majaruba yabaki.

Bwana Dismasi akamwambia Baba afunge, aende nyumbani.

Baba akasimama palepale. "Na kesho?"

"Kesho ni zamu ya jaruba la pili, mzee. Nani mwingine atafungua?"

Tulipofika nyumbani alijinyoosha kwenye benchi mchana kweupe, buti miguuni, akapitiwa na usingizi. Nilipita kwa kunyata na mzigo wa matete. Alilala robo saa tu. Kisha akashtuka, akaniuliza kama kesho imefika.