Fundi Simu Aliyekuja Kupalilia

Kabla hajawa mume wangu, rafiki yangu alikuwa maarufu. Hapa Babati, kuanzia stendi hadi sokoni, wasichana walimjua kuliko walivyomjua diwani. Alikuwa fundi simu, kibanda chake kimepakana na cherehani yangu. Asubuhi tukinywa chai ananihadithia mambo yake, nami namwambia, "Wewe utazeeka peke yako." Maneno matamu aliwagawia wengine. Mimi aliniita "mwanangu" tu, kama alivyowaita madereva bodaboda.

Siku moja dada yake mdogo alipiga simu kutoka Dareda, analia. Mchumba wake alikuwa na wanawake wengine wawili. Rafiki yangu alimsikiliza mpaka simu ikakatika, kisha akaweka bisibisi chini.

"Yule jamaa ni mimi," akaniambia.

Tangu hapo aliacha mambo ya wasichana. Wauza mitumba walimcheka, wakasema mwezi hauishi. Ukaisha, na mwaka nao ukapita.

Kisha mama yangu aliteleza shambani kwake Singe akavunjika mkono, maharage yakiwa yanasubiri kupaliliwa. Jumamosi nikafunga cherehani, naye akafunga kibanda, tukaondoka wote. Alikuja shambani na raba nyeupe! Aling'oa maharage, akaacha magugu.

"Shikamoo mama," akamwamkia mama alipokuja kutuona.

"Marahaba." Mama akamtazama, akanigeukia. "Huyu si yule wa wasichana?"

"Ndiye mimi, mama," akajibu mwenyewe.

Mama alicheka mpaka akaushika mkono wake wenye plasta. Jumamosi iliyofuata fundi simu alirudi na gambuti, na Jumamosi nyingine tena, hata baada ya mkono wa mama kupona.

Ni hapo shambani, tukila makande, aliponiambia ana neno. Mtu aliyekuwa na maneno ya kila msichana mjini akaanza kupata kigugumizi. "Mimi nimezoea kukaa na wewe. Siku usipokuja, kibanda hakikaliki. Nataka tuoane."

Nilicheka. "Hilo umewaambia wangapi?"

"Hakuna. Maneno niliyowapa wengine yalikuwa mazuri zaidi kuliko haya."

Nilimwambia asubiri tuvune. Alisubiri, hakunisumbua, na kila asubuhi chai tulikunywa kama kawaida. Ni mimi niliyeanza kumwaga chai nikimwona anakuja. Siku tulipopura maharage nilimwambia ndiyo, mbele ya mama, mavumbi yametujaa mpaka kwenye kope. Mama akapiga vigelegele peke yake, vikasikika shamba zima.

Tulifunga ndoa kanisani Nangara. Wawili kati ya wasichana wake wa zamani walikuja, tena wakacheza kuliko ndugu zangu. Mmoja alinisogelea, jasho linamtiririka, akanikumbatia.

"Umetushinda wote, dada!" akasema, akanivuta katikati ya ukumbi, tukacheza mpaka shela langu likadondoka.