Toba ya Gari la Mjomba

Kosa ni langu. Naliandika mwanzo kabisa kwa sababu najijua: nikipewa nafasi ya kueleza kidogo, nitaeleza mpaka kosa ligeuke kuwa la mvua, la barabara au la watu waliounda lile gari.

Mimi ni msichana niliyehitimu uhandisi wa umeme. Naishi na mama hapa mtaani Jericho na sina kazi. Ni mtu wa kuwaza sana. Nikituma ujumbe nausoma tena na tena baada ya kuutuma, kana kwamba bado naweza kuurekebisha. Ungedhani mtu kama huyo hawezi kufanya jambo la kizembe. Hata mimi nilidhani hivyo!

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa dereva wa kampuni moja kule Industrial Area mpaka akastaafu. Sifa yake ilikuwa kwamba hajawahi kugonga hata kuku. Baadaye akanunua gari dogo la kisasa, lile la kompyuta kila mahali, akawa anasafirisha vinyago vya jamaa zetu kutoka Ukambani hadi maduka ya hapa mjini. Vinyago vikazidi gari. Akaamua kuweka toba, kile chuma cha nyuma cha kukokotea trela. Kwa Kiingereza ni "tow bar", lakini huku kwetu kila mtu hukitamka hivyo, na waliomchomelea walimtania kwamba mzee wa kanisa dhambi zimemlemea mpaka anabeba toba nyuma ya gari.

Chuma kilikaa vizuri. Zilibaki taa. Taa za trela lazima ziwake pamoja na za gari, breki na indiketa, ili walio nyuma waone. Mama akasema hakuna haja ya kutafuta fundi, injinia tunaye nyumbani.

Jamani, lile neno! Tangu nihitimu hakuna aliyekuwa ameniomba chochote, labda kumwekea jirani namba kwenye simu. Nikasema ndiyo kabla sijafikiri, mimi ninayefikiria hata namna ya kujibu salamu.

Sikuwa nimewahi kugusa nyaya za gari. Basi nikasoma, na kila nilichosoma kilisema jambo moja. Gari la zamani, unaweza kuunganisha waya wa trela kwenye waya wa taa ya nyuma na litakubali. Gari la kisasa usijaribu. Kompyuta yake hupima umeme unaokwenda kwa kila taa. Ikiona taa moja imeanza kula umeme wa taa mbili, hudhani kuna hitilafu na kuukata. Lazima uweke kisanduku maalum kinachochukua umeme kutoka kwa betri na kuupeleka kwenye trela, bila kuzibebesha taa za gari mzigo wowote.

Kwa hivyo nilijua. Nataka unielewe hapo. Sikukosa kwa kutojua.

Kisanduku kilikuwa cha kuagiza na kungojea. Na Mjomba alikuwa ameshapakia trela, mama ameshawaambia wenzake wa chama cha akiba, majirani wameshatoka kutazama. Nilichohitaji kusema ni "Mjomba, bado" na mambo yangeishia hapo. Nikawaza watakavyonitazama. Nikawaza mama atakavyocheka, kile kicheko chake cha kuficha aibu. Nikachukua kisu, nikakwangua nyaya, nikaunganisha, nikazungusha tepu.

Mama alisimama nyuma ya trela akitoa ripoti. Kushoto, inawaka. Kulia, inawaka. Breki, ziko. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja jirani akasema sasa taa za ngazi zetu nazo zitapona.

Mjomba aliporudi kutoka safari ya kwanza alinieleza kwamba kulikuwa na alama ya taa, ya rangi ya manjano, inayowaka mbele yake akishaenda mwendo kidogo. Nilijua maana yake. Ilikuwa kompyuta ikisema kuna taa ya nyuma imezimika.

"Hiyo isikusumbue, Mjomba," nikamwambia. "Haya magari ya kisasa hulalamika. Ukiiona, zima gari uwashe tena. Itatoka."

"Kumbe ni kama anti yako," akasema, akimaanisha mke wake. "Ukimwacha kidogo ananyamaza."

Akacheka. Akaniamini. Na ukitaka kujua ungamo langu liko wapi, liko hapo. Kuunganisha vibaya ulikuwa ujinga na woga. Lakini kumfundisha mtu kuinyamazisha alama iliyokuwa ikimwonya, hilo sijui nilipe jina gani.

Nilijiambia nitaagiza kisanduku. Kila siku nilijiambia.

Kisha ikaja jioni moja ya manyunyu. Mjomba alikuwa akirudi na trela, akakata kona kulia kuingia mtaani kwetu. Kijana mmoja wa pikipiki, Wafula, anayepeleka mikate madukani, alikuwa anampita upande uleule. Hakuona indiketa yoyote. Trela likambamiza.

Nilisikia kelele nikakimbia. Wafula alikuwa ameketi barabarani amekumbatia mguu, mikate imetapakaa matopeni. Alikuwa akimwambia Mjomba kwamba hakuonyesha. Mjomba akasema alionyesha, hata aliisikia indiketa ikilia tik tik. Watu wakapaza sauti kwamba wote wameona, taa hazikuwaka. Polisi alipofika na kumuuliza, Mjomba aliitazama mikate iliyolala matopeni.

"Huenda nilisahau," akasema.

Wakati huo nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa dereva. Alama ya manjano ilikuwa inawaka. Nikaingiza mkono, nikazima gari, nikachomoa ufunguo. Alama ikapotea.

Hakuna aliyenituma! Mkono ulikuwa wangu.

Wafula alivunjika mguu. Mjomba alimlipia matibabu, akaenda kumwomba radhi mbele ya wazazi wake. Kisha akamletea mama funguo za gari akasema hataendesha tena, kichwa chake kimeanza kuondoka. Lazima uelewe kwa nini neno hilo lilikuwa zito. Mama yao, nyanya yangu, alimaliza siku zake akiwa hawajui watoto aliowazaa. Mjomba ndiye aliyekuwa akimlisha.

Tangu siku hiyo akawa mtu anayejilinda na nafsi yake. Anauliza kama amekuambia jambo kabla hajaliambia. Anamtuma anti kuangalia kama alizima jiko, na anti anarudi kusema alizima. Kanisani walimpa somo la kusoma akakataa, akasema ataruka mstari. Alikuwa akizeeka mbele yangu kwa sababu ya tepu niliyozungusha mimi.

Na mimi? Nikawaza, kama kawaida yangu. Nikajiambia labda ni kweli alisahau, nani anajua. Nilijishikilia hapo mpaka asubuhi moja nilipofunga trela kwenye gari, nikawasha indiketa ya kulia nikangoja. Alama ya manjano ikatokea. Ndani sauti iliendelea, tik tik, kwa sababu katika gari lile sauti inatoka kwenye spika na haijui kama taa inawaka. Nikazunguka nyuma. Taa ya gari haikuwaka. Ya trela haikuwaka.

Sikuwa na labda nyingine.

Nilimkuta Mjomba nje ya mlango wake akipaka nta vijiko vya mbao. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakanitoroka yote. Nikamwambia tu: nyaya, kisanduku, ile alama, na ufunguo niliouchomoa. Alisikiliza bila kuacha kupaka. Nilingoja anitukane.

"Kwa hivyo nilionyesha," akasema.

"Ulionyesha, Mjomba."

"Na ile sauti niliisikia."

"Uliisikia. Hukusahau kitu."

Akaweka kijiko chini. Akafunika uso kwa mikono yake yenye nta, na mabega yakaanza kutikisika. Baadaye akaniambia alikuwa akimwomba Mungu amchukue kabla hajasahau jina la mke wake. Sijawahi kusikia maneno yanayoumiza hivyo, na hakuyasema kuniumiza.

Kisha akasema niende kwa Wafula, na nisimpeleke mama akaniombee msamaha.

Nilienda. Wafula yuko Dandora kwa wazazi wake, bado anatembea na gongo. Alinisikiliza akaniangalia kama mtu anayehesabu pumzi.

"Sasa siz, unamaanisha huyo mzee nimemlaani bure? Kila asubuhi nikivaa kiatu namlaani." Akatikisa kichwa. "Ningekuzaba kofi, lakini nikiinua mkono nitaanguka."

Sikujua kama nicheke. Yeye hakucheka.

Tulienda kituoni na Mjomba, maelezo yakaandikwa upya. Amerudi kwenye usukani. Taa zilitengenezwa mahali pengine na kisanduku chake kikawekwa, mimi sikuitwa hata kushika tochi. Ananisalimia vizuri, ananiuliza habari za kazi. Lakini haniiti injinia tena. Ananiita kwa jina langu, taratibu, kama mtu anayejifunza upya mimi ni nani. Na mama amekoma kunitaja kwa wenzake.

Nawaandikia ninyi mlio kama mimi, mliosoma, mnaoogopa kuonekana hamjui. Kama hujui, sema hujui mbele ya huyohuyo aliyekusifu. Na kama unajua inavyopaswa kufanywa lakini hujapata kifaa, sema bado. Aibu yake ni ya siku moja.

Mtu anayekupenda ukimwambia kitu kiko salama, kisha kikaharibika, hatakushuku wewe kwanza. Ataanza kujishuku mwenyewe.